Kufunga kwa Muda Maji ya Ghuba ya Goma Siku ya Onyesho la Ndege: Mwongozo Kamili

Onyesho la ndege linalofanyika juu ya maji humpa mtazamaji wa ufukweni nafasi pana ya kuona, na humpa rubani mahali pa kuchezea pasipo na nyumba wala umati chini yake. Ndiyo maana miji yenye maziwa na bandari hupenda kulifanyia hapo: Chicago imekuwa na onyesho lake kwenye Ziwa Michigan tangu mwaka 1959, Seattle hurusha ndege juu ya Ziwa Washington, na San Francisco juu ya ghuba yake. Hata hivyo, maji yanayoonekana matupu kwa aliye angani yana wenyewe. Kwa Goma, mji ulio kwenye Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, wenyewe ni wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwa hilo), ni akina mama wanaongojea mihogo na ndizi za Minova kwenye bandari ya Kituku, ni makapiteni wa boti za Bukavu na kisiwa cha Idjwi, na ni watoto wanaoteka maji kwa mabidoni ya njano. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyafunga maji hayo kwa saa chache bila kumdhuru mtu na bila kumkatia mtu riziki kuliko inavyolazimu. Umeandikwa kwa mwandaaji na afisa wa bandari, lakini zaidi kwa kapiteni na mvuvi, kwa kuwa wao ndio huwa wa mwisho kuambiwa. Anayeandaa mashindano ya mitumbwi au fataki za usiku atafuata njia hiyohiyo, isipokuwa vipimo vyake vitakuwa vidogo.

Jua kwanza unamkinga nani

Watu wengi hudhani kwamba maji hufungwa ili kumlinda mtazamaji aliyenunua tiketi. Historia ya maonyesho haya inasema mengine. Tarehe 28 Agosti 1988, huko Ramstein nchini Ujerumani, ndege tatu za kikundi cha Italia ziligongana na moja ikaangukia umati. Watu 70 walifariki, wakiwemo marubani watatu. Baada ya misiba ya namna hiyo, watazamaji walisogezwa mbali zaidi, na ndege zikakatazwa kufanya michezo zikiwa zimewaelekea. Lakini tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham nchini Uingereza, ndege ilianguka kwenye barabara kuu iliyo kando ya uwanja, na watu 11 waliokufa wote walikuwa nje ya uzio wa onyesho. Hatari ilikuwa imehama kutoka kwa mtazamaji hadi kwa mpita njia.

Juu ya ziwa, mpita njia huyo ni mtu aliye kwenye mtumbwi. Yeye hakuja kutazama chochote. Anavuka tu na ndoo zake za dagaa au mafungu yake ya mkaa, na huenda hata habari za onyesho hakuzisikia. Mpango wowote wa kufunga maji upimwe kwa mtu huyo mmoja: je, atajua kabla ya kung'oa mtumbwi kwamba leo hapitiki, na akishaingia majini, ataona kwa macho yake mahali pa kukomea? Ikiwa jibu ni hapana, hakuna karatasi yenye mihuri itakayomwokoa.

Liko pia jambo la rubani mwenyewe. Sehemu ya maji iliyo chini ya michezo ya ndege hutakiwa iwe tupu kabisa, isipokuwa vyombo vya uokoaji vilivyopewa ruhusa. Mtumbwi mmoja ukiingia, anayeongoza onyesho hulazimika kuwaita marubani wapande juu na kusubiri, na kila dakika ya kusubiri hula mafuta yaliyopangiwa mchezo. Katika maonyesho ya namna hii, boti moja ya starehe inayovuka mstari inaweza kutosha kusimamisha shughuli ya maelfu ya watu.

Pima eneo kwa hali ya Goma, si kwa ramani ya kuazima

Nchini Marekani, umbali kati ya watazamaji na mstari ambao ndege huufuata hutegemea kasi. Ndege zisizozidi noti 156 (noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa) huwekwa angalau futi 500 kutoka kwa watu, yaani mita 152 hivi; zilizo kati ya noti 156 na 245 huwekwa futi 1,000, karibu mita 305; na zile za kasi zaidi, zikiwemo ndege za kivita, huwekwa futi 1,500, karibu mita 457. Hivyo, swali la kwanza la kumuuliza mwandaaji si idadi ya ndege bali ni aina yake, kwa sababu ndege moja ya kasi huongeza ukubwa wa eneo lote.

Hapa ndipo kunakili kunapokuwa kosa. Ziwa Michigan liko mita 176 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460. Hewa ya huku ni nyepesi, na ndege ambayo kipimo chake kinaonyesha kasi ileile, kwa kweli inakwenda kwa kasi zaidi kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kwa sababu upana wa kona hukua kwa mraba wa kasi, kona ileile itahitaji nafasi pana zaidi kwa karibu moja ya tano, na injini nazo hupoteza nguvu kwenye hewa nyepesi. Kwa hiyo vipimo nilivyovitaja vichukuliwe kuwa mwanzo wa hesabu, na rubani mkuu aandike mwenyewe, kwa urefu huu wa mita 1,460, eneo analolihitaji.

Kisha tazama yaliyo pembeni. Upande wa mashariki, mji wa Goma umegusana na Gisenyi, na mpaka wa Rwanda unaendelea hadi ndani ya maji. Eneo lililofungwa lisiukaribie mpaka huo, kwa kuwa ndege inayogeuka hairudi nyuma kama gari, na mtumbwi unaokwepa doria unaweza kujikuta kwenye maji ya nchi nyingine pasipo kukusudia. Ni busara kusogeza onyesho lote upande wa magharibi, hata kama mandhari ya katikati ya mji yanapendeza zaidi. Upande wa kaskazini uko uwanja wa ndege, ambao njia yake inaelekea ziwani. Uwanja huo unapotumika, ndege zinazotua zikitokea kusini hupita juu ya maji haya haya, kwa sababu kaskazini kumezibwa na mlima wa Nyiragongo. Kufunga maji bila kukubaliana na wasimamizi wa anga ni kufunga nusu ya mlango. Wakaazi wa mtaa wa Birere, ambako ndege ya abiria iliangukia soko tarehe 15 Aprili 2008, hawahitaji kuelezwa maana ya ndege kuwa chini juu ya watu.

Jambo la mwisho katika kupima ni kina. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485 mahali palipo kirefu zaidi, na kwenye fukwe nyingi za Goma chini hushuka ghafla hatua chache kutoka kwenye mawe ya volkeno. Boti inayongojea haitapata mahali pa kutia nanga, na boya la kamba fupi halitashika. Hali hii inabadilisha karibu kila kitu katika hatua za kuweka mpaka, nami nitairudia huko.

Panga saa kwa kufuata ziwa

Wavuvi wa sambaza huvua usiku. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, taa huwashwa ili kuwavuta samaki, na wavu huinuliwa mara kadhaa kabla ya alfajiri. Alfajiri inapoingia, vyombo hivyo vipana, visivyogeuka upesi, vinarudi ufukweni vikiwa na watu waliochoka na samaki wasiongoja. Amri inayofunga ghuba saa kumi na mbili asubuhi itawakuta nje. Amri inayofunga jioni itawazuia kutoka. Katikati ya mambo hayo mawili ndimo onyesho linamopata nafasi yake: tangu asubuhi iliyokwisha kuchangamka hadi alasiri.

Alasiri nayo ina mwenyewe, yaani upepo. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusini mara nyingi hupata nguvu mchana na kuleta mawimbi yanayopiga moja kwa moja upande wa Goma. Boti zilizozuiliwa nje ya mstari wakati huo hazisimami. Husukumwa kuelekea kaskazini, ndani ya eneo lilelile zinaloambiwa zisiingie. Kwa maoni yangu, kufunga kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana ndiko kunakofaa, na anayetaka zaidi ya hapo aeleze sababu.

Saa tatu mfululizo bado ni nyingi kwa mtu mwenye mgonjwa ndani ya boti au mzigo wa samaki. Gawanya ratiba ili kuwe na madirisha: baada ya kila kundi la michezo, ndege zipande au zitue, na maji yafunguliwe kwa dakika ishirini au thelathini ili vyombo vilivyojipanga vipite kwa njia moja iliyowekwa alama. Dirisha lisilotangazwa kabla halina maana, kwa sababu kapiteni asiyejua kwamba litafunguliwa atajaribu kupenya. Mwandaaji asisahau mazoezi pia. Vikundi vikubwa hufanya mazoezi siku moja au mbili kabla, na hatari yake ni ileile, ila tu mbiu haijapigwa. Siku hizo nazo ziandikwe kwenye amri.

Kuhusu kuandika saa, tangazo litaje wakati kwa namna zote mbili, kwa mfano "saa tatu na nusu asubuhi (9h30), saa ya Goma". Goma na Bukavu ziko saa moja mbele ya Kinshasa, na barua iliyoandikwa Kinshasa kwa saa ya Kinshasa inaweza kuchelewesha au kuwahisha bandari nzima kwa saa moja.

Waketi meza moja, mapema

Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Marekani hutaka ombi la shughuli mpya ya majini lifike siku 135 kabla, na siku 60 kwa shughuli inayorudiwa kila mwaka bila mabadiliko makubwa. Miezi minne na nusu huonekana mingi mpaka mtu aanze kuhesabu wanaopaswa kusikilizwa. Kwa Goma, meza hiyo iwe na ofisi ya meya, Commissariat lacustre inayosimamia usafiri wa ziwani, wasimamizi wa bandari ya umma na za binafsi, kikosi cha usalama cha majini, wasimamizi wa anga, ulinzi wa raia, Msalaba Mwekundu na hospitali itakayopokea majeruhi. Wawepo pia, tangu kikao cha kwanza na si cha mwisho, wawakilishi wa vyama vya wavuvi, wenye boti, na akina mama wa Kituku. Mama anayeuza samaki atakueleza kwa sentensi moja siku ambayo soko halifungiki, jambo ambalo ofisi tatu zitalitafuta kwa wiki mbili. Mamlaka za upande wa Gisenyi zipewe taarifa kwa njia zinazotumika, ili doria zao zisishtuke kwa kelele na msongamano.

Kikao kitoke na mambo mawili ya maandishi. La kwanza ni amri fupi yenye mipaka, siku, saa, madirisha, wanaoruhusiwa na jina la ofisi iliyotia saini. La pili ni cheo cha mtu mmoja tu mwenye kauli ya mwisho juu ya maji siku hiyo, mwenye redio inayozungumza na anayeongoza ndege. Penye wakubwa wawili majini, kila mmoja humsubiri mwenzake aseme.

Amri iseme wazi kwamba kuzuiliwa hakuna malipo. Anayekiuka kwa makusudi ashughulikiwe kwa sheria, kwa karatasi na risiti. Lakini mtumbwi uliogeuzwa njia kwa sababu mwenyewe hakujua usiombwe franga hata moja. Nasema hivi kwa sababu kila kizuizi, barabarani au majini, huvutia mkono unaonyooshwa, na mvuvi aliyewahi kutozwa mara moja atazikimbia boti za doria badala ya kuzisogelea, hapo hapo ndege ikiwa juu yake.

Tangaza pale safari inapoanzia

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Tangazo linalobandikwa kwenye ukuta wa ofisi Goma haliwafikii waliomo hatarini, kwa kuwa hao wanaondokea Minova, Idjwi, Bukavu na vijiji vya katikati. Urefu wa ziwa kutoka kaskazini hadi kusini unakaribia kilomita 90, na boti ya mizigo iliyotoka Bukavu usiku inafika ghuba ya Goma ikiwa imekwisha kupoteza nafasi ya kubadili mpango. Kapiteni anatakiwa ajue kabla ya kupakia.

Anza wiki tatu kabla kwa kupeleka amri kwenye kila bandari inayotuma vyombo Goma, na uhakikishe anayekatisha tiketi na anayeandika orodha ya abiria wameipata mkononi. Rudia wiki moja kabla, na tena siku mbili kabla. Redio za mji na za jamii zitangaze alfajiri na jioni, saa ambazo wavuvi wako nchi kavu, kwa Kiswahili na kwa Kihavu kwa ajili ya Idjwi na pwani ya magharibi. Siku za ibada, waombe viongozi wa makanisa na misikiti wasome tangazo. Halihitaji kuzidi sentensi nne.

Bango la bandarini liwe mchoro. Chora ufuko kama unavyoonekana kutoka majini, si kutoka angani, ukionyesha majengo na vilima ambavyo mvuvi hutumia kujielekeza, kisha upake rangi nyekundu sehemu iliyofungwa na kijani njia ya kupitia wakati wa madirisha. Watu wanaofanya kazi ziwani husoma pwani vizuri mno, wakati ramani ya viwianishi inamfaa tu mwenye kifaa cha kuisoma. Weka kwenye bango namba moja ya simu inayopokelewa, na mtu wa kuipokea tangu usiku wa kuamkia onyesho.

Asubuhi yenyewe, mjumbe mwenye fulana ya rangi asimame kwenye kila gati la Goma na kwenye mchanga wa Kituku tangu saa kumi na moja alfajiri. Akiwa mtu wa papo hapo, anayeitwa kwa jina na wapagazi, atafanya kazi kuliko askari watano wageni.

Weka mpaka unaoonekana

Kwa kuwa kina hakiruhusu nanga, usitegemee safu ya maboya katikati ya ghuba. Mpaka wa upande wa kina uwekwe kwa boti za doria zenye injini, zikisimama kwa mwendo mdogo, kila moja ikiiona ile ya jirani. Kila boti iinue bendera kubwa ya rangi ya chungwa juu ya mti mrefu, iwe na kipaza sauti, na watu wawili angalau, mmoja akiendesha na mwingine akitazama. Maboya yabaki kando ya ufuko, pale ambapo kamba inafika chini au inaweza kufungwa kwenye mwamba.

Usitumie mabidoni ya njano kama alama. Mabidoni ndiyo maboya ya nyavu ziwani kote, na mvuvi akiyaona yamepangwa majini ataelewa kwamba mwenzake ametega, basi atayazunguka au ataendelea na safari zake. Tumia duara kubwa la rangi ya chungwa au nyekundu lenye kijibendera juu, kitu ambacho hakimo katika shughuli za kila siku.

Kwa boti za watazamaji, Seattle ina desturi inayofaa kuigwa: kwenye sherehe za Seafair, vyombo hufungwa kwenye mnyororo wa magogo yanayoelea, badala ya kuachwa vikielea ovyo. Goma inaweza kupata matokeo hayo kwa kuzifunga boti hizo kwenye magati na kwenye vyombo vikubwa vilivyotia gati, ubavu kwa ubavu, zisizidi tatu kutoka kwenye gati ili ya ndani iweze kutoka penye dharura. Boti isiyopata mahali pa kufungwa isikae majini kutazama.

Kwa kapiteni: abiria wako ni hatari kuliko ndege

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, mbele ya watu waliokuwa wakiingojea ufukweni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kapiteni anayepita karibu na onyesho la ndege aikumbuke siku hiyo, kwa sababu onyesho linaweza kuleta hatari ya aina hiyo hata kwenye boti isiyojaa. Ndege inatokea upande wa kushoto kwa kishindo. Abiria wote wanasimama, wanakimbilia ubavu huo, wanainua simu ili wapige picha. Uzito uliokuwa umekaa chini sasa umepanda juu na umehamia upande mmoja. Sekunde kadhaa baadaye ndege inavuka, na umati wote unakimbilia upande wa pili, boti ikiwa bado inarudi kutoka kwenye mlalo wa kwanza. Mawimbi ya boti ya mwendo kasi yakipiga wakati huohuo, chombo kinapinduka.

Kwa hiyo, kabla ya kung'oa nanga, waeleze abiria kwa sauti kwamba ndege zitapita, kwamba zitafanya kelele kubwa, na kwamba hakuna atakayesimama. Kila mmoja avae koti la kuokolea, alifunge, na asiliweke chini ya kiti wala kulikalia. Waweke wasaidizi wawili, mmoja kila ubavu, kazi yao ikiwa ni kuwakalisha watu. Mbuzi na ng'ombe wafungwe fupi, katikati ya chombo, kwa kuwa mnyama anayeshtushwa na mngurumo hutikisa boti kuliko watu kumi waliotulia; afadhali zaidi, wasisafirishwe saa hizo. Kapiteni akiona kwamba atafika wakati wa kufungwa, apunguze mwendo akiwa mbali, au aingie bandari ya karibu akasubiri, badala ya kukimbia ili awahi mstari. Kukimbilia mstari ndiko kunakoleta mgongano kwenye mlango wa ghuba.

Aliyekwama nje ya mstari abaki umbali wa kutosha kusini, injini ikiwaka, akiuelekea upepo, na apime mara kwa mara kwa kutazama alama mbili za pwani kama anasukumwa. Mafuta ya kungojea saa moja zaidi yahesabiwe tangu safari inapoanza.

Siku yenyewe

Saa moja kabla ya ndege ya kwanza, boti za doria zipige mzunguko mmoja kamili na kuwatoa waliomo, kuanzia katikati kwenda pembeni. Wasimamizi watumie redio ya VHF, chaneli ya 16 kwa wito na dharura na chaneli nyingine waliyokubaliana kwa mazungumzo. Simu za mkononi zisitegemewe, kwa sababu umati unapokusanyika mtandao huelemewa. Wavuvi wengi hawana redio; kwao ishara iwe ya macho na masikio pamoja: bendera nyekundu kwenye gati na kwenye kila boti ya doria pamoja na honi tatu ndefu humaanisha kumefungwa, na bendera ya kijani na honi moja ndefu humaanisha dirisha limefunguliwa. Ishara hizo ziwe zimechorwa kwenye bango la wiki zilizotangulia.

Chombo kikiingia ndani, msimamizi wa maji amwambie kwanza anayeongoza ndege, halafu ndipo boti ya doria iende. Isiende kwa kasi. Mtumbwi wa makasia unaojiwa na mawimbi ya injini unaweza kuzama kabla ndege yoyote haijaukaribia. Mwendeshaji aukaribie polepole kutoka upande wa katikati ya eneo, ili mtumbwi, ukiogopa, ukimbilie nje na si ndani zaidi. Azungumze kwa heshima: "Papa, samahani, leo hapa pamefungwa kwa ajili ya ndege, tufuate huku." Boti yenye mgonjwa au mama mjamzito ipitishwe hata kama ni lazima ndege zisubiri, na jambo hilo liamuliwe kikaoni, lisiachwe libishaniwe majini.

Ndege ikianguka majini

Tarehe 31 Agosti 2019, wakati wa tamasha la ndege la Bournemouth nchini Uingereza, ndege ya zamani yenye mabawa mawili ilipungukiwa nguvu na ikaangukia maji karibu na mlango wa bandari ya Poole; rubani na mwanamke aliyekuwa akifanya sarakasi juu ya bawa walipona wote wawili. Waliokolewa na vyombo vilivyokuwa karibu. Hilo ndilo lengo la kuweka boti mbili za uokoaji pembeni mwa eneo, injini zikiwaka, zenye wapiga mbizi, mkasi wa kukatia mikanda na mtu wa huduma ya kwanza, zisizoruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote siku hiyo.

Vyombo vingine vyote vibaki vilipo. Ni vigumu kumwambia mtu wa ziwa asimkimbilie anayezama, lakini mabaki ya ndege yana mafuta yanayoweza kuwaka, vipande vyenye makali, na kwa ndege za kivita, viti vinavyorushwa kwa baruti ambavyo huenda havijafyatuka. Ikiwa wewe ndiwe wa karibu zaidi na hakuna mwingine, kaa upande ambako upepo unatoka ili moshi na mafuta visikujie. Mtu aliyejitenga na mabaki mwendee ukiuelekea upepo, utoe gia kabla hujamfikia, umtupie kamba au bidoni tupu, umvutie upande usio na panga la injini. Usimfungue rubani kofia wala usimkunje shingo.

Ufukweni

Kuhusu watazamaji wa nchi kavu nitasema moja tu, kwa kuwa halimo katika miongozo ya kwingine. Upande wa magharibi wa Goma, karibu na ziwa, kuna mabonde ambamo hewa ya kaboni dioksidi hutuama, tunayoiita mazuku. Huwa mbaya zaidi usiku na asubuhi mapema, kabla upepo haujaitawanya, na huua bila harufu. Watu watakaofika kabla ya mapambazuko ili wapate nafasi nzuri wasielekezwe kwenye mashimo na sehemu za chini, na watoto wasiachwe walale hapo.

Kufungua

Ndege ya mwisho ikitua, msimamizi angoje neno la anayeongoza ndege, apeleke boti moja ikague kama kuna kilichoanguka, kisha ndipo bendera ya kijani ipande. Wasitoke wote kwa pamoja. Mitumbwi ya makasia ipite kwanza, zifuate boti za abiria na mizigo zilizokuwa zikisubiri, na boti za mwendo kasi pamoja na za watazamaji ziwe za mwisho, zikitembea taratibu hadi zitoke ghubani. Doria ibaki majini mpaka msongamano uishe.

Maboya na kamba vitolewe siku hiyo hiyo, mapema alasiri, na vihesabiwe kulingana na orodha ya asubuhi, maana kamba iliyosahaulika itanasa wavu wa sambaza usiku unaofuata, na fidia yake itadaiwa kwa haki. Redio zitangaze kwamba maji yamefunguliwa, bandari za Minova, Idjwi na Bukavu zipigiwe simu, na mabango yabanduliwe kutani, ili mgeni atakayeyasoma wiki ijayo asidhani ghuba bado imefungwa.